Simu Niliyoikata

Jumapili, 9 Machi. Migori

Daktari wa Kisumu amesema kano ya kisigino imeungana, lakini nisikimbie hadi mwisho wa mwaka, pengine. Hilo "pengine" alilisema akiwa ameshafungua mlango. Nimerudi nyumbani kwa Baba, kwenye chumba changu cha zamani nyuma ya duka la mbao. Harufu ya msumeno na ya mikaratusi haijabadilika.

Kule chuoni kocha wetu alitulazimisha kuandika kila siku: umekimbia nini, umekula nini, umelala vipi. Sasa sina mbio za kuandika. Nitaandika kilichopo.

Kilichopo ni joto, vumbi, na watu wanaoniita Olimpiki. "Olimpiki, umerudi?" "Olimpiki, mguu unaendeleaje?" Nilifika nusu fainali ya mita mia nne kuruka viunzi nikawa wa mwisho, lakini Migori hakuna anayekumbuka nilivyomaliza. Wanakumbuka kwamba nilifika. Wananipa maembe bure. Mimi hupokea.

Jumanne, 11 Machi

Mvua bado.

Alhamisi, 13 Machi

Kocha Pettway wa chuoni amenipigia. Ananiita Kerry kwa sababu jina langu, Nyakerario, lilimshinda tangu siku ya kwanza. Anakuja Kenya mwezi ujao, anataka msichana mmoja wa mita mia nane. Mmoja tu. Ufadhili wa miaka yote minne.

"Eldoret kila mtu anakwenda," alisema. "Nataka wa upande wenu. Nitafutie. Naamini macho yako kuliko saa yangu."

Chuo chetu ni kimojawapo cha vyuo vya Weusi kule Amerika, vile vilivyojengwa baada ya utumwa kwa sababu vyuo vingine viliwafungia milango watoto wa waliokuwa watumwa. Ni kidogo. Mabweni yake yanavuja. Lakini kwenye ukumbi wa mazoezi kuna ukuta wenye picha za wanariadha wote waliotoka pale wakaenda Olimpiki, na wa kwanza wao walikwenda wakati ambapo hawakuruhusiwa hata kunywa maji kwenye bomba moja na wazungu. Picha ya Kocha Pettway iko pale. Yangu iko mwisho, karibu na swichi ya taa.

Kabla hajamaliza kuzungumza nilikuwa nimeshamfikiria mdogo wangu Orpah.

Mama alipofariki Orpah alikuwa bado hajaanza shule. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamsuka, nikamfundisha kusoma. Kisha nikaondoka kwenda Amerika, naye akashika mkanda wa begi langu mpaka Baba akamfungua vidole kimoja kimoja. Sasa amemaliza kidato cha nne, anauza misumari dukani, na anakimbia vizuri. Vizuri sana. Nimempa habari usiku huuhuu. Hakupiga kelele. Alikwenda nje, akarudi, akaniuliza kama kule kuna baridi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Tumeanza mazoezi uwanja wa shule ya msingi. Orpah ana moyo na ana mapafu. Mkono wa kushoto unampotea akichoka, unakwenda ovyo.

Alhamisi, 20 Machi. Magunga

Mwalimu Joash wa Magunga alikuwa amenisumbua kwa simu wiki nzima: njoo uone msichana wangu. Nikaenda, nikamchukua na Orpah ili wakimbie pamoja.

Msichana anaitwa Rispa. Amemaliza shule mwaka jana kama Orpah, anaishi kwa Mwalimu na mkewe, anawasaidia shambani na asubuhi anakimbia ile barabara ya kuelekea mbugani Ruma. Wazazi hana. Ana shangazi kisiwani Remba. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniambia, "Madam, nilikuona kwa TV ya hoteli ya shangazi. Watu walisimama juu ya viti."

Nilitaka kumwambia nilikuwa wa mwisho. Sikumwambia.

Waliondoka pamoja, raba za Orpah mpya, za Rispa zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mzunguko wa kwanza walikwenda bega kwa bega. Mvua ikaanza kunyesha walipokuwa upande wa mbali, na hapo Rispa akaongeza. Hakuongeza kwa nguvu. Ni kana kwamba yule aliyekuwa akikimbia mwanzoni alikuwa anamsindikiza mgeni, na sasa mgeni amefika kwake, naye anaweza kwenda zake. Orpah alimaliza nyuma sana. Rispa alirudi kumchukua, akamshika mkono wakatembea pamoja huku mvua ikiwapiga.

"Umeona?" Mwalimu Joash aliniuliza.

Nikasema, "Nimeona."

Nimeona nini? Nimeona mbio ambazo mimi mwenyewe nilizitafuta miaka kumi sikuzipata. Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi kilikuwa wivu, na nililijua jina lake.

Njiani kurudi Orpah alisema, "Yule ni mwingine." Kisha akalala, au akajifanya amelala.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Kocha kwamba wapo wawili. Kwa hiyo haki imetendeka. Wote wawili watakimbia mbele yake Homa Bay, Jumapili tarehe kumi na tatu Aprili. Jumapili kwa sababu Jumamosi sisi ni Sabato.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mazoezi. Orpah ametapika, akaendelea.

Jumatano, 2 Aprili

Rispa amenipigia kwa simu ya Mwalimu. Shangazi yake Teresa amemwagikiwa na mafuta ya mandazi mkononi, hawezi kupika, na hoteli yake ndiyo maisha yake. Rispa anakwenda Remba kumsaidia mpaka siku ya mbio. Kisiwa ni kidogo, mabati yamebanana hata pa kutembea ni taabu, lakini amesema ataruka kamba.

"Madam, kama kuna kitu kitabadilika utaniambia? Simu yangu iliingia kwa maji. Andika ya shangazi."

Nikaandika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 8 Aprili. Homa Bay

Kocha Pettway amefika. Amenenepa kidogo, nywele zimekuwa nyeupe mbele tu. Alinikumbatia hadi kisigino kikaniuma. Tumekula samaki karibu na ziwa, yeye, mimi na Orpah, naye Orpah aliufungua mdomo mara mbili tu, jioni nzima.

Kocha alimsimulia habari za bibi mmoja, mrukaji wa juu, ambaye ndiye wa kwanza kabisa kwenye ule ukuta wetu. Walisafiri kwa basi la chuo siku mbili kwenda kwenye mashindano ya kuchagua timu ya Olimpiki. Hoteli zote za mji ule ziliwakataa. Walikula mkate ndani ya basi, wakalala sakafuni katika kanisa la Weusi, wengine chini ya viti. Kulipopambazuka kocha wao alipita akimgusa kila msichana mguuni mpaka wa mwisho akaamka.

"Waliweza kutunyima kitanda na chakula," Kocha alisema kwa Kiingereza chake cha kusini, cha polepole. "Lakini hakuna wetu aliyewahi kukosa mbio kwa sababu sisi wenyewe tulimwacha amelala."

Nilisema amina. Nililisema kwa sauti, na nililisema kwa dhati.

Alhamisi, 10 Aprili. Homa Bay

Lazima niandike hili lote leo, kwa sababu kesho nitakuwa nimeshaanza kulipamba.

Mchana Kocha alipata ujumbe kwamba anahitajika nyumbani mapema. Baba yake ameanguka. Ataondoka Jumapili alfajiri kupitia Kisumu. "Tukimbie kesho saa nane," alisema. "Waambie wasichana wako wote." Nikasema sawa.

Niliwapigia wale wanne wa Homa Bay na Rongo tuliowaalika wakimbie pamoja nao. Wote walishika. Orpah alikuwa kitandani kwake katika chumba tulichopanga, ameegemeza miguu ukutani. Ikabaki Remba.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Mtu akitoka Remba saa kumi anafika ng'ambo Mbita jioni, na kesho asubuhi yuko Homa Bay bila shida. Niliyajua hayo. Niliyahesabu yote huku namba ya Teresa iko mbele yangu.

Nikapiga. Ikalia mara moja. Nikakata.

Hakuna aliyenishika mkono. Sikuteleza. Nilikata, na papo hapo nikajua kwa nini nimepiga: ili kesho niseme nilipiga.

Baada ya muda mfupi Teresa akapiga. Simu ilikuwa juu ya meza, nimeizima sauti, inatetemeka na kujisogeza kidogo kidogo kama mdudu aliyepinduliwa. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Nikaitazama tena. Orpah alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala.

Mwalimu Joash ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Ijumaa, 11 Aprili. Homa Bay

Orpah ameshinda. Alikimbia vizuri kuliko siku zote, mkono wa kushoto haukupotea. Kocha alimpigia makofi.

Kabla ya mbio aliniuliza, "Na yule wa kisiwani?"

"Nilipiga. Hakupatikana."

"Pole yake," alisema. "Simu za visiwani." Hakuuliza tena. Aliniamini, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

Sabato, 12 Aprili. Migori

Kanisani Baba alisimama wakati wa shukrani. Baba ni mzee wa kanisa, na huwa hasimami kwa ajili ya mambo yake mwenyewe. Leo alisimama, amevaa suti ya arusi ya binamu. Alisema Mungu alimchukua mkewe akamwachia wasichana wawili, na sasa wote wawili amewanyanyua. Akaketi. Akina mama wakaimba. Orpah aliinamisha kichwa, nikadhani ni haya ya kusifiwa.

Mimi niliimba. Nilijua maneno yote.

Jumapili, 13 Aprili. Homa Bay

Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Nilimwambia Baba nimesahau koti.

Walikuwa pale uwanjani. Nilisimama kwanza upande wa pili wa barabara, chini ya kibanda cha fundi wa pikipiki, nikawatazama kupitia ua. Rispa alikuwa anapasha mwili joto, anakwenda na kurudi mbele ya magoli, kwa mpangilio mzuri kama alivyofundishwa. Teresa alikaa kwenye mawe, mkono umefungwa kitambaa, mkoba wa nguo umelazwa mapajani usilowe. Uwanja mtupu. Kila gari lililopita Teresa alinyoosha shingo.

Ningeweza kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Lakini Rispa aliniona.

"Madam! Umekuja!" Alikimbia mpaka kwenye ua. "Niliogopa tumekosea siku. Tulilala Mbita jana ili tusichelewe."

Nikawaambia. Nikawaambia kwamba mbio zilikuwa Ijumaa, kwamba Kocha alilazimika kusafiri, kwamba ndege ilikuwa asubuhi. Yote yalikuwa kweli. Ndivyo nilivyofanya: nilizipanga kweli moja baada ya nyingine mpaka zikajenga uongo.

Rispa alinisikiliza huku bado anarukaruka kidogo ili misuli isipoe. Kisha akaacha kuruka.

"Tuliona miskoli yako," Teresa alisema. "Tukapiga, haikushikwa. Tukapiga tena."

"Network," nikasema.

"Hiyo network ya Remba ni shida," Teresa alisema. "Ilikata hata kabla sijafuta mikono. Pole, nyathina, mtoto wangu, tumekusumbua. Na wewe umetoka Migori na hii mvua kwa sababu yetu, na huo mguu wako mgonjwa." Akaninyooshea ule mkono mzima, akanishika. "Ero kamano. Asante sana kwa kutukumbuka."

Aliniomba radhi. Alinishukuru. Mvua iliongezeka, na Rispa akavua raba zake taratibu, akazifunga kwa kamba, akazitia kwenye mfuko wa plastiki ili zisiharibike. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Labda Mungu alikuwa ananionyesha kitu."

Nilirudi Migori nimeloa. Koti sikuwa nimelisahau popote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimempigia Teresa. Nimekata kabla haijalia.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu Joash amepiga kusalimia. Rispa hajarudi Magunga. Alimwambia mke wa Mwalimu kwamba amemalizana na mambo ya kukimbia. "Mtie moyo, wewe anakusikia," aliniambia.

Jumatano, 30 Aprili

Orpah hali chakula vizuri. Baba anasema ni furaha.

Jumatatu, 5 Mei

Nafasi ya Orpah imethibitishwa. Baba amewaita majirani. Mbuzi, soda, hotuba. Mzee mmoja alisema mimi ni jembe lililofungua njia na Orpah ni mbegu. Wakanitaka niseme neno. Nikasema mguu unaniuma, nikakaa. Walinionea huruma, wakaniletea kiti cha pili niuegemeze.

Jumapili, 18 Mei

Mwalimu Joash alikuja Migori kununua mbao za paa la darasa. Baba alimpunguzia, wakaketi kunywa chai. Hapo ndipo Mwalimu akasema, bila nia yoyote mbaya, jinsi Rispa na shangazi walivyongoja uwanjani ile Jumapili, na jinsi "Madam hapa" alivyowafuata kwenye mvua kuwapa pole. Baba akanitazama kwa fahari.

Orpah alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

Alipoondoka mgeni, Orpah alinifuata nyuma, kwenye mbao.

"Ulituambia ulienda kuchukua koti."

"Orpah."

"Waliloa?"

"Ndiyo."

"Siste, mimi sikuwa nimelala." Alikuwa anang'oa gome la ubao kwa kucha. "Ile siku ya simu. Kuna kioo karibu na kitanda. Nilikuona. Nilikuona ukiiangalia mpaka ikanyamaza."

Niliketi juu ya mbao.

"Na nikajiambia, kama siste amekata, hiyo si kazi yangu. Nikajiambia nilale. Kesho yake nikakimbia. Unajua nilikimbia nikifikiria nini? Kwamba afadhali nishinde kwa mbali ili isiwe na maana." Akalia sasa, kwa hasira. "Haina maana? Wewe uniambie. Kwa sababu wewe ndiye ulinifundisha kila kitu."

Nilidhani nimebeba dhambi hii peke yangu. Kumbe nilikuwa nimemtwika mtoto huyu nusu yake, na mwezi mzima amekuwa akiibeba mezani, mbele yangu, na mimi naandika tu kwamba hali chakula vizuri.

Jumanne, 20 Mei

Nimempigia Kocha. Nimemwambia kila kitu, kuanzia kukata simu hadi kumwambia Teresa "network." Upande wa pili nikasikia mlango wa kabati ukifungwa mahali fulani.

"Ulinisikia nikikuambia habari ya kanisa," alisema hatimaye.

"Nilikusikia."

"Siku mbili kabla."

"Ndiyo."

"Basi ulijua jina la kitu ulichokuwa unafanya." Hakupaza sauti. Ningependa apaze. Alisema nafasi ya Orpah ameisimamisha. Wasichana wawili watakimbia tena, Mwalimu Joash atasimamia, na yeye ataangalia kwa simu. "Wewe usishike saa, usishike filimbi, usishike chochote. Na ile kazi niliyokuahidi, ya kuwa msaidizi wangu kuanzia mwezi wa nane, sahau. Sitakuuliza tena habari za msichana yeyote, Nyakerario."

Miaka yote ile lilimshinda. Leo alilitamka lote bila kukosea.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia Baba. Alikuwa anapima ubao. Aliendelea kuupima, akauweka alama, akaufuta, akauweka tena mahali palepale. Kisha akafunga duka, mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba wa Mama.

Sabato, 24 Mei

Baba alisimama tena wakati wa shukrani. Sikujua kwamba angesimama.

"Mwezi uliopita nilimshukuru Mungu hapa kwa kitu ambacho hakukifanya yeye," alisema. "Nimekuja kukirudisha." Akakaa. Hakutaja jina, lakini kila mtu alijua ana wasichana wangapi. Nilihisi macho shingoni mwangu kama jua. Aliyekaa karibu nami alisogeza mkoba wake kidogo, na huenda alikuwa anatafuta kitabu cha nyimbo tu.

Jumapili, 25 Mei. Remba

Boti ilinifikisha Remba mchana, mbu wa ziwani wakiruka kama moshi. Nyumba za bati zimeegemeana, redio zinashindana, samaki wa mbuta wanapimwa ufukweni kwa makelele. Hoteli ya Teresa ni meza tatu. Rispa alikuwa kwenye karai anageuza mandazi, uso umenona, macho yamechoka. Aliponiona alifuta kiti kwa khanga yake.

"Usifute," nilimwambia. "Ngoja kwanza nikuambie."

Nilisema nimesimama. Wavuvi wawili waliacha kutafuna. Teresa aliketi polepole, akauweka ule mkono wake wenye kovu mezani.

"Kwa hivyo haikuwa network," alisema.

"Haikuwa."

"Na mimi nikakushukuru." Hakusema kwa ukali. Aliyarudia maneno yake mwenyewe, kwa mshangao, kama mtu anayeonja tena kitu ili ajue kilikuwa kimeharibika tangu lini. "Nikakushika mkono."

Rispa aliendelea kugeuza mandazi mpaka yote yakaiva. Akayatoa. Akanigeukia.

"Ningeshinda?"

"Ndiyo."

"Sema vizuri."

"Ungeshinda. Nilijua tangu Magunga. Ndiyo sababu nilikata."

Akatikisa kichwa. "Wiki hizi zote nimekuwa nikijiambia Mungu amenikataa. Nimeomba kila siku anitoe hamu ya kukimbia. Na alikuwa anaanza kunitoa, Madam. Ilikuwa karibu kuisha." Akaweka chini kijiko cha kugeuzia. "Kumbe ni wewe tu."

Nikamwambia juu ya mbio za marudio, tarehe kumi na tano Juni. Akauliza Orpah anafanya mazoezi? Sikumdanganya: kila siku. Akatazama nje, kwenye kile kichochoro kati ya mabati ambamo mbuzi na watu hupishana kwa ubavu.

"Nitakuja," alisema. "Sasa toka, wateja wanataka kukaa."

Sabato, 7 Juni

Mvua imepungua. Rispa yuko Magunga na Mwalimu. Sijaruhusiwa kwenda na sijaomba.

Jumapili, 15 Juni. Magunga

Jua leo, matope yamekauka yakawa magumu. Walikuwa wawili tu. Mwalimu Joash alishika filimbi, mkewe alishika simu akimwonyesha Kocha. Baba alikuja, akasimama mbali nami. Teresa alikuja na mandazi, akawagawia wote. Aliponifikia alisita, akanipa.

Rispa aliongoza. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wake wote, na upande wa mbali aliongeza palepale alipoongeza mwezi wa tatu, kwa namna ileile. Moyo wangu ulimwendea. Nilijikuta namwomba Mungu dada yangu ashindwe.

Kisha, kwenye kona ya mwisho, miguu ilimkataa. Niliona kabla yeye hajajua. Magoti yalishuka, mabega yakapanda. Wiki zile zote za kusimama mbele ya karai zilimjia mwilini kwa mara moja. Alijua la kufanya na mwili haukuweza. Orpah alimfikia hatua chache kabla ya mwisho, na kwa sekunde hiyo moja alimgeukia, nikaogopa kwamba atapunguza. Hakupunguza. Angepunguza angekuwa amemtukana. Akapita.

Hakuna aliyepiga makofi. Orpah alianguka kwa magoti akalia kama mtu aliyefiwa, na Rispa, akihema, akamsimamisha.

Siku zote nilidhani nimemwibia siku moja, kitu ambacho kinaweza kurudishwa kwa kumpa siku nyingine. Leo nimeona nilichochukua. Kilikuwa ndani ya miguu yake, na mimi siwezi kukifikia.

Sauti ya Kocha ilitoka kwenye simu, ndogo. "Orpah ameshinda. Nitamchukua, sina haki nyingine ya kutenda." Kisha akaendelea. "Huyo mwingine. Mwaka ujao nina nafasi. Nani anamfundisha?"

Mwalimu Joash alisema yeye hujaribu, lakini ni mwalimu wa hesabu tu.

Rispa alijipangusa uso kwa fulana. "Mwambie Kocha, Madam atanifundisha."

Kila mtu alinigeukia, hata Baba.

"Simpendi," Rispa alisema, kwa Kiswahili chake cha wazi cha sokoni, ili nisikose kuelewa. "Simpendi, lakini anajua. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa hapa. Akija, aje."

Jumatatu, 16 Juni. Magunga

Nimelala kwa Mwalimu. Nilifika uwanjani kabla yake, nikasubiri kwenye umande. Alikuja akitembea, hakunisalimia, akaketi kufunga raba. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akitazama juu ya bega langu.

"Anza taratibu," nilimwambia. "Mizunguko miwili. Nyayo ziwe nyepesi."

Alikwenda. Nilimfuata nyuma nikichechemea, mbali sana, na hakugeuka hata mara moja kuona kama nipo.